Shajara ya mradi: Kidato cha Tatu na swali la "na nani?"

Jumatano, 7 Mei 2025

Tumeanza. Wanafunzi 26 wa Kidato cha Tatu, chumba cha pili kutoka maabara, saa kumi na robo hadi saa kumi na moja na nusu. Nikiwachelewesha zaidi ya hapo, wanaokaa mbali watakuta nauli imepanda.

Nataka muhula ukiisha, kila mmoja wao aweze kushika insha ya kushawishi na kunionyesha inavyomvuta msomaji, bila kuanza kwa kuniambia kama yeye anakubali au anakataa. Mada ni utambulisho na vikwazo: mtaa, kabila, ulemavu, lugha, karatasi za serikali. Nimechagua hayo kwa sababu ndiyo wanayobishania kwenye foleni ya chakula. Hatari yake naijua: mtu akiwa na moto kifuani hasomi, anasubiri zamu yake ya kusema.

Mwenzangu wa idara aliniuliza, "Mwalimu, na hayo yatatahiniwa wapi?" Karatasi ya kwanza ya mtihani wa taifa wa Kiswahili ina insha mbili, kila moja alama 20, na kazi ya mtahiniwa ni kuandika. Nilimjibu kwamba hawa wanaandika hoja kama mtu anayejenga nyumba bila kuwahi kuingia ndani ya nyumba. Akacheka, akaenda kunywa chai.

Matini ya kwanza ni insha ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu kijana wa Dandora, mtaa wa Nairobi, anayefuta anwani yake kwenye wasifu wa kuombea kazi. Niliiandika mwenyewe Jumapili usiku, sikutia jina, sikuwaambia.

Matokeo: karatasi 23 kati ya 26 zinaanza na "Nakubaliana na mwandishi kwa sababu". Kisha kila mtu akaeleza ya kwao. Visa vizuri, vingine vya kuhuzunisha. Insha yenyewe haikuguswa. Wale watatu waliobaki waliifupisha, tena vizuri, maana ufupisho tumewapigisha gwaride tangu Kidato cha Kwanza.

Jumatano, 14 Mei

Nimebadilisha swali. Badala ya "mwandishi anasema nini" nimeuliza "mwandishi anafanya nini hapa", na nimelipiga marufuku neno "anasema" kwa dakika sabini na tano. Tulijaza vitenzi ubaoni mpaka chaki ikaisha: anabembeleza, anaonya, anasingizia, anajitetea, anakuza, anapunguza, anahamisha lawama. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye huwa hanyooshi mkono, akasema, "Anampisha mpinzani apite, halafu anamfungia mlango nyuma." Nikamwomba arudie ili niandike. Kwa miaka yote nimefundisha "kukanusha hoja pinzani" na sijawahi kuisema vizuri hivyo.

Basi wakaishukia insha yangu. Aya ya tatu nilikuwa nimeandika "kila mwajiri". Kila? Wakakata. Mfano ni wa kijana mmoja tu, halafu hitimisho ni la kizazi kizima. Wakakata. Kisha mvulana mmoja akatoa hukumu: "Huyu mwandishi si wa Dandora."

Umejuaje?

"Anasema kijana alishuka Dandora. Hakuna anayeshuka Dandora, Mwalimu. Dandora imegawanywa kwa fezi. Wa huko angesema alishuka Fezi ya Nne."

Darasa likaangua kicheko. Mimi ni wa Kangemi. Masikio yaliniwaka moto. Lakini angalia alichofanya: amepima kama msemaji anastahili kuaminiwa, kwa kutumia neno moja, na sikuwa nimemtaja Aristotle, yule Mgiriki aliyeandika juu ya ushawishi, hata kidogo. Nitamtaja baadaye kama itabidi. Pengine haitabidi.

Kuhusu kuwaambia kwamba mwandishi ni mimi: bado.

Jumatano, 21 Mei

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 27, kifungu cha nne. Nilitaka waone maandishi ya ushawishi na ya sheria yanavyotofautiana. Sheria haibembelezi, inaorodhesha. Dola haitambagua mtu kwa misingi ya rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, afya, asili ya kikabila au ya kijamii, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha, kuzaliwa. Wengi walishangaa kukuta "mavazi" na "lugha" mle.

Kisha swali likatoka kwao: mtaa uko wapi? Haumo. Unaweza kusoma orodha yote ukaikosa anwani. Kundi moja likasema umejificha ndani ya "asili ya kijamii". Kundi lingine likasema hapana, asili ni ulikotoka, mtaa ni unakolala, na mtu anaweza kuhama kesho. Wa kwanza wakajibu: ahame kwa kodi gani? Mvulana mmoja akaona kwamba kifungu kinaanza kwa kutaja sababu "zikiwemo" hizo, kwa hiyo mlango haujafungwa. Neno moja dogo, na mabishano yote yakageuka. Nimelitia alama kwenye daftari langu.

Wawili wameacha kuja. Mmoja ana mazoezi ya voliboli, mwingine sijui.

Jumatano, 28 Mei

Leo ndiyo siku ambayo nafikiri mradi umepata miguu, na nitaiandika kwa urefu.

Matini ilikuwa insha ya mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana. Amenipa ruhusa, jina limetolewa. Anasimulia yeye na mama yake walivyokosa nyumba ya kupanga. Mlinzi wa ploti aliwaonyesha chumba, wakakipenda, wakaulizwa jina la pili, na baada ya hapo chumba kikawa tayari kimechukuliwa. Kutoka hapo anajenga hoja kwamba Nairobi haina mipaka ya kikabila kwenye ramani ila inayo kwenye ulimi wa mwenye nyumba.

Niligawa kalamu za rangi (zangu, na nimekwisha poteza tatu). Kijani: kila palipo na "tu-" ya sisi. Nyekundu: kila kitenzi cha kutendwa, chenye "-wa" mwishoni. Hakuna kusoma maana. Piga rangi tu.

Dakika kumi baadaye karatasi zilionekana kama bendera. Aya ya kwanza ni ya kijani: "sote tunajua", "tunatafuta nyumba", "tunapanda ngazi za ghorofa ya tano bila lifti". Nikauliza, huyu "sisi" ni nani? Wakasema kila mtu wa Nairobi, hata wewe Mwalimu. Aya ya nne nayo ni ya kijani: "tuliulizwa", "tukaelekezwa kwingine". Na huyu? Kimya. Halafu: ni yeye na mamake. Na watu wa kabila lao. Msomaji hayumo tena.

Kiswahili hakina sisi mbili. Ni "tu-" ile ile kwa sisi sote na kwa sisi bila nyinyi. Mwandishi amekuingiza ndani ya "tu-" yake ukiwa umetulia, mkapanda ngazi pamoja, na mlangoni akakuacha nje. Unahisi kufungiwa bila kuambiwa kwamba umefungiwa. Niliwauliza kama alikusudia. Wakagawanyika. Yule msichana wa dawati la nyuma akasema haijalishi kama alikusudia, imefanya kazi. Hapo sikubaliani naye kabisa, lakini sikutaka kulimaliza.

Nyekundu ndiyo iliyozua mchezo. "Tuliambiwa chumba kimechukuliwa." Kimechukuliwa na nani? "Tulirudishiwa pesa." Na nani? Mara darasa zima likawa linapiga kelele "na nani?" kila ninaposoma kitenzi chekundu, kama kiitikio cha nyimbo za basi. Mwalimu wa zamu alikuja dirishani kuangalia kama kuna fujo. Ilikuwepo.

Tulipotulia tukahesabu: vitenzi kumi na vinne vya kutendwa, na ni viwili tu vyenye "na" inayomtaja mtendaji. Je, ni udhaifu? Wengi walisema ndiyo, mwandishi amewaficha wakosaji. Msichana mmoja akakataa. Alisema ndivyo mambo yanavyotokea: hakuna anayekwambia "mimi nimekunyima". Unanyimwa tu.

Tuligusa pia "vijana hawa" na "vijana wale", jinsi "-le" inavyomsukuma mtu ng'ambo ya barabara, lakini kengele ililia.

Jumatano, 4 Juni

Ngeli. Sikutarajia ngeli ilete machozi.

Niliwapa orodha: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Umbo la KI-VI, pamoja na kiti na kijiko. Tunawapatanisha kama watu, tunasema "kipofu amefika", lakini jina lenyewe limevaa kiambishi cha vitu. Kisha tukasoma Ibara ya 54: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Sheria inayoingia mpaka kwenye jina unaloitwa.

Zoezi: andika sentensi moja ya kumshawishi babu yako aache kusema "zeruzeru" aseme "mtu mwenye ualbino", bila kumtukana babu. Sentensi nyingi zilikuwa za kumkaripia. Moja ilianza, "Babu, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu huitwa jina lake." Wakaona wenyewe kwa nini hiyo inapita. Kuna aliyeuliza kama basi na "kijana" na "kiongozi" tubadilishe. Swali zuri, na jibu langu lilikuwa dhaifu: nilisema kijana hajawahi kufukuzwa mahali kwa sababu ya ki- yake. Msichana mmoja ana dada asiyesikia. Yeye ndiye aliyelia, kisha akaandika kuliko wote.

Jumatano, 11 Juni

Nimekosea leo.

Mada ilikuwa kitambulisho. Nilianza na historia, kwa kuwa wazee bado wanakiita kipande: sheria ya 1915 ya kuandikisha Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawalazimu wanaume wa Kiafrika kutembea na karatasi za kazi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Harry Thuku, mwanaharakati wa siku hizo, alikilalamikia hapa hapa Nairobi, akakamatwa Machi 1922. Kisha tukaja karibu: Wanubi wa Kibera, jamii yenye asili ya Sudan, na watoto wao waliofikishiwa kesi yao kwenye kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba Kenya imewakosea katika haki ya uraia. Wamakonde wa Kwale waliofunga safari ya miguu kuja Nairobi kudai uraia Oktoba 2016, wakaja kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mmoja akauliza kama kutembea ni insha. Nikamrudishia: inadai nini, ushahidi wake ni upi, msomaji wake ni nani? Akakaa kidogo akasema, "Ushahidi ni miguu."

Tukafika kwenye neno "kupigwa msasa". Ndivyo tunavyosema Kenya mtu anapochunguzwa na kamati kama ni Mkenya kweli kabla ya kupewa kitambulisho. Mwezi Februari mwaka huu rais alitangaza huko Wajir kwamba utaratibu huo kwa watu wa mpakani umekwisha. Nikawaambia walitazame neno. Msasa unapigwa wapi? Kwenye mbao. Mbao gani? Yenye makwaruzo. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, neno limekwisha kusema wewe ni mbao mbovu. Hapo nilikuwa najisikia mwalimu hodari sana.

Ndipo nikamgeukia mvulana mmoja ambaye najua familia yake inatoka kaskazini na kaka yake amehangaikia karatasi, nikasema, "Hebu tusaidie sisi tusioelewa, mambo huwa vipi?"

Akasema, "Sijui, Mwalimu." Akafunga daftari. Hakusema neno tena mpaka mwisho.

Nimeandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba haikuwa kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Wanafunzi 17, matatu mbili, hadi Mtaa wa Banda kuitazama Maktaba ya McMillan. Yule mvulana hakuja. Sikuwa nimeomba ruhusa ya kuingia na kundi, kosa langu, kwa hiyo tulikaa nje karibu na simba wawili wa mawe, msikiti wa Jamia ukiwa jirani. Ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Zoezi: jengo hili linamshawishi nani aamini nini? Nguzo, ngazi, simba. Mmoja akaandika, "Linaniambia ninyamaze kabla sijaingia." Tukanunua mahindi, tukarudi.

Jumatano, 18 Juni

Barua ya Martin Luther King kutoka jela ya Birmingham, Marekani, Aprili 1963. Nilitafsiri sehemu mbili mwenyewe usiku wa jana, zimenitoa jasho. Aliwajibu viongozi wanane weupe wa dini wa Alabama waliosema maandamano hayana busara na wakati wake haujafika.

Kwanza walitafuta anavyowashughulikia walioita waandamanaji wageni kutoka nje. "Hiyo ni 'rudi kwenu'," akasema mmoja, na kweli ndiyo. King hagombi. Anawapisha: anawaita watu wenye nia njema, anaeleza alialikwa na nani, ana uhusiano gani wa kikazi na mahali pale. Mlango anaufunga baadaye.

Kisha ile sentensi ndefu. Anaambiwa "subirini", naye anajibu kwa sentensi moja inayopanga dhuluma juu ya dhuluma, na kitenzi kikuu hakiji mpaka mwisho kabisa. Katika Kiswahili nilitumia "uki-": ukiona, ukimkuta, ukilazimika, ukijikuta huwezi kumweleza binti yako wa miaka sita kwa nini haruhusiwi kwenye bustani ya michezo aliyoiona kwenye televisheni. Ukisoma "uki-" unajua jibu linakuja, sikio linangoja, na linakawia kufika. Niliwasomea kwa sauti. Kwenye "uki-" ya saba mtu akanong'ona, "Si amalize." Hapo hapo nikasimama. Umesubiri sekunde ngapi? Wakaelewa kwa pamoja, nikaona nyuso zikibadilika: amewasubirisha wanaomwambia asubiri.

Kiti cha yule mvulana kitupu.

Jumatano, 25 Juni

Hakuna kipindi. Barabara za katikati ya mji zimefungwa kwa maandamano, wazazi wamewaweka watoto nyumbani.

Jumatano, 2 Julai

Yule mvulana alinijia wakati wa chakula cha mchana, akaniamkia, akasimama pale. Nilimwomba radhi. Nilimwambia sikupaswa kumwita mbele ya wenzake aeleze mambo ya nyumbani kwao.

Akasema si hilo. Kueleza angeeleza. "Mwalimu, ulisema 'tusaidie sisi tusioelewa'. Ile tu- yako, mimi sikuwemo."

Sikuwa na jibu. Nilisema asante, nadhani. Kisha akaniuliza kama bado anaweza kuleta karatasi ya Birmingham kwa kuwa aliipata kwa rafiki yake. Ameichambua. Amepiga mstari chini ya mahali pamoja tu, pale viongozi wale wa dini wanapoitwa ndugu, na pembeni ameandika: "Hapa anawaingiza kwenye sisi yake kwanza. Wao hawakumwingiza."

Jioni niliwaambia wote kwamba insha ya Dandora niliiandika mimi. Aliyesema habari za fezi alijificha nyuma ya daftari. Nimempa kazi ya kuisahihisha.

Jumatano, 9 Julai

Wiki imevurugika kwa maandamano ya Saba Saba, tumekuwa 15. Kila mmoja alileta insha aliyoandika mwenyewe, wakabadilishana, wakachambuana. Uchambuzi ulikuwa bora kuliko insha, jambo ambalo sikulipanga na silijutii. Tatizo jipya: sasa wanaogopa kutumia "-wa" hata mahali pake. Mmoja ameandika "mama alinizaa" kuepuka "nilizaliwa", na aya nzima imekuwa ya mama.

Jumatano, 16 Julai

Nimepokea karatasi 19 za mwisho. Mbili zinafanana mno, nitawaita. Kati ya 19, moja tu imeanza na "Nakubaliana na mwandishi", na inaendelea, "lakini hilo si swali." Deni la fotokopi dukani ni shilingi 640. Muhula ujao nianze na rangi, si na insha yangu. Ngeli niipe vipindi viwili. Kitambulisho kifundishwe kwa maandishi, bila kumnyooshea mtu kidole.

Naibu wa mwalimu mkuu amenisimamisha kwenye varanda karibu na ubao wa ilani. Chini ya sentensi "Wanafunzi wamekatazwa kukaa madarasani baada ya saa kumi na moja na nusu", mtu ameandika kwa penseli, herufi ndogo safi: na nani?

"Mwalimu, unautambua mwandiko huu?"

Nimemwambia nitauangalia vizuri.